Shingo Laini kwa Bei Gani?

Nusu ya wembe wa kawaida, ule wa makali mawili unaouzwa dukani kwa Mangi, haifiki shilingi mia. Hicho ndicho chuma pekee kinachogusa shingo yako unapoketi kwa kinyozi na kumwambia achonge ndevu, ashushe hadi kooni, kisha amalizie kisogo. Kingine chote unacholipia, iwe ni elfu mbili za uswahilini au elfu thelathini za saluni yenye kiyoyozi, ni mkono wa mtu, muda wake, maji ya moto na pango la fremu.

Nalisema hilo mapema kwa sababu wengi wetu tunalinganisha saluni kwa yale yanayoonekana: viti vya ngozi, vioo, televisheni ya mpira, kijana anayekukanda mabega. Shingo haijui hayo. Shingo inajua wembe umefunguliwa lini, yenyewe imeandaliwa kwa maji kiasi gani, na kama anayekunyoa anafahamu nywele zako zimelalia upande gani. Huko ndiko hela inakotakiwa kwenda.

Shavu ni rahisi, karibu mtu yeyote anaweza kulinyoa. Shingo ni habari nyingine. Ngozi yake ni laini na inateleza, chini ya taya pana bonde, katikati pana kikoromeo kinachopanda na kushuka kila ukimeza mate. Halafu nywele zenyewe hazina nidhamu. Kwenye shavu zinashuka chini. Shingoni upande mmoja zinaweza kushuka, upande wa pili zikalala kuelekea sikioni, na karibu na koo zikapanda juu. Pitisha vidole kwenye ndevu za siku mbili: upande unaoteleza ndiko nywele zinakoelekea, upande unaokwaruza ni kinyume chake. Fundi mzuri hufanya hivyo kabla hajagusa wembe. Asiyefanya anavuta wembe kwa mazoea, na shingo yako ndiyo inayolipa.

Kwa mwanaume mwenye nywele za kipilipili kuna jambo zaidi, na ndilo linaloamua ulinganisho huu wote. Unywele wetu umejikunja tangu ndani ya ngozi. Ukikatwa kwa wembe mkali unabaki na ncha kali, na ukianza kuota tena unaweza kujipinda ukachoma ngozi ya pembeni na kuingia ndani. Ipo njia ya pili ambayo wengi hawaijui. Ngozi ikivutwa sana wakati wa kunyoa, au wembe ukipita kinyume cha nywele, unywele hukatwa chini ya usawa wa ngozi. Ngozi ikiachiwa, ile ncha inarudi ndani na kutoboa ukuta wa kinyweleo kabla hata haijachomoza. Vile vipele vinavyowasha, vyenye usaha kidogo, vinavyoacha madoa meusi shingoni, mara nyingi vimetokana na hapo. Tatizo hili ni la kawaida mno kwa watu weusi, kiasi kwamba jeshi la Marekani kwa miongo mingi lilikuwa likiwapa askari wake vibali vya daktari vya kutonyoa ndevu hadi kwenye ngozi.

Maana yake ni kwamba kwetu sisi kunyolewa hadi pang'ae na kunyolewa kwa raha si kitu kimoja. Kinyozi anaweza kukupa shingo inayong'aa kama kioo Ijumaa jioni, na Jumatatu ukaamka nayo imetutumka. Ulinganisho wowote wa bei unaoishia pale unaposimama kutoka kwenye kiti ni nusu ya hesabu. Hesabu kamili inaanza siku ya tatu.

Tuanze na chaguo la wengi: kinyozi wa mtaani. Kwa hesabu za humu nachukua viwango vya kawaida vya Dar es Salaam. Kama mtaani kwako, au Mombasa, au Mwanza bei ni tofauti, badilisha namba, hoja itabaki palepale. Tuseme kuchonga ndevu na shingo ni 2,000 na unaenda kila wiki. Kwa mwaka ni 104,000. Ukinunua wembe wako mwenyewe kwa 150 kila unapokwenda, unaongeza 7,800. Basi mwaka mzima wa shingo safi unakaribia 112,000, na ndani yake umo mkono wa mtu ambaye kazi yake ya kutwa ni hiyo.

Anachotumia siku hizi si wembe wa zamani wa kukunja, ingawa kwa mbali unafanana nao. Ni kishikio chenye mpini unaokunjwa. Wembe wa makali mawili huvunjwa katikati ukiwa ndani ya karatasi yake, nusu ikabanwa kwenye kishikio, na baada ya mteja hutupwa. Angalau ndivyo inavyotakiwa. Makali ya nusu wembe mpya ni makali kweli, pengine kuliko wembe wa kunoa, lakini hayasamehe: chuma ni chembamba, pembe zake zinachoma, na kosa dogo la mkono linageuka mchirizi wa damu. Ndiyo maana mkono wa fundi una thamani kuliko jina lililo kwenye pakiti.

Sasa suala la kutupwa. Wembe mmoja hutoa nusu mbili, na nusu ya pili huwa mezani. Sina ugomvi na fundi anayetumia nusu moja kwa koo langu na nyingine kwa kisogo changu. Ninayemkwepa ni yule mwenye nusu iliyokwisha kubanwa tayari kabla sijakaa. "Mpya hiyo bosi, nimeiweka sasa hivi." Huenda ni kweli. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili, kwenye tone la damu lililokauka, kwa siku 7 au zaidi, na tone lenyewe si lazima lionekane. Kupangusa wembe kwa pamba ya spiriti au kuupitisha kwenye moto wa kiberiti hakuubadilishi kuwa mpya. Vilevile usidanganywe na lile kabati dogo lenye taa ya buluu. Mwanga ule unafika juujuu tu ya kifaa, na kifaa chenye mafuta, nywele au damu hautakisafisha. Kabati lile linafaa kuhifadhia vitu vilivyokwisha kusafishwa.

Kizazi kilichokua wakati wa kampeni za ukimwi kilifundishwa kutochangia wembe, na wako wazee ambao mpaka leo wanaingia saluni na wembe wao mfukoni. Vijana wanawacheka. Mimi naona hiyo ndiyo shilingi 150 yenye faida kubwa kuliko zote katika makala haya. Fungua karatasi wewe, mpe fundi mkononi, basi. Asiyekubali, hama kiti.

Ngazi ya juu yake ni saluni kubwa, zile za Mikocheni au Masaki, Dar es Salaam. Tuseme 15,000 kwa ndevu na shingo, na uende mara mbili kwa mwezi: 360,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya kinyozi wa mtaani kwa ziara chini ya nusu. Unapata nini? Mara nyingine unapata kiyoyozi tu. Lakini kuna kimoja chenye thamani ya kweli, nacho ni taulo la moto. Unywele ukilowa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu huvimba na kulainika, na wembe unaukata bila kuuvuta. Waliosema ukiona mwenzako ananyolewa wewe tia maji hawakuwa wanazungumzia ndevu, ila walijua mambo ya wembe. Uswahilini hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu foleni ni ndefu na jiko la kuchemshia maji ni gharama. Fundi anapuliza maji ya baridi kwenye chupa, anapaka povu mkono mmoja, anaanza.

Habari njema ni kwamba hatua hiyo unaweza kuifanya mwenyewe bure. Oga maji ya moto nyumbani, osha shingo kwa sabuni, kisha nenda kwa kinyozi ukiwa bado hujakauka vizuri. Ukifika mwombe apake povu na kuliacha likae kidogo kabla ya kuanza. Kwa hilo tu umepunguza sehemu kubwa ya tofauti ya 2,000 na 15,000. Kinachobaki ni muda: saluni kubwa inakupa nusu saa, mtaani unapewa dakika kumi. Kama shingo yako haina matatizo, dakika kumi zinatosha. Kama ina makovu ya vipele vya zamani, nusu saa ya mtu asiye na haraka inaweza kuwa na thamani ya hiyo hela, mradi uwe unalipia fundi unayemjua kwa jina na si jengo.

Chaguo la tatu ni kujinyoa mwenyewe, na hapa lazima tutenganishe wembe wa kukunja wa kweli na vifaa vingine.

Wembe wa kweli wa kukunja ni kipande kimoja cha chuma kinene mgongoni na chembamba kama unyasi kwenye makali, kinachonolewa na kudumu hata kupita umri wa mwenyewe. Miji maarufu kwa kazi hiyo ni Solingen huko Ujerumani na Thiers kule Ufaransa. Sheffield ya Uingereza ilitamba zamani. Jina la Solingen linalindwa kisheria tangu 1938, hivyo chuma kinachouzwa kwa bei ya karanga kikiwa na jina hilo kiandamane na mashaka yako. Wembe mpya wa maana hauanzi chini ya dola 100. Tuseme 120, ongeza 40 za mkanda wa ngozi wa kuupigia makali, na 70 za kinoo laini, kwa sababu jiwe la kunolea visu vya jikoni litauharibu. Hizo ni dola 230. Kwa shilingi 2,500 kwa dola ni 575,000 kabla ya usafirishaji na ushuru. Kwa kinyozi wa mtaani, pamoja na wembe wako wa 150, fedha hiyo ni zaidi ya miaka 5.

Na bado hujajua kuutumia. Kila mara kabla ya kunyoa unaupitisha kwenye mkanda wa ngozi mara 30 hadi 50, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukikosea ukatanguliza makali, unaukata mkanda na kuua makali kwa pigo moja. Kila baada ya miezi kadhaa unaurudisha kwenye kinoo. Halafu kuna hewa yetu ya pwani. Wembe mwingi wa aina hii ni wa chuma kinachoshika kutu, na Zanzibar, Tanga au Mombasa, wembe uliosahauliwa bafuni usiku mmoja ukiwa na unyevu utaamka na madoa kwenye makali. Ukaushe, upake mafuta kidogo, uuweke chumbani. Anayependa vitu vya namna hiyo, kama wengine wanavyopenda saa za kuvuta ufunguo, atafurahi sana, na nywele zake zikiwa laini au zenye mawimbi atapata ukataji wa upole ambao wembe wa kutupa haufikii. Lakini asijidanganye kwamba anabana matumizi.

Kuna wembe wa kukunja wa bei ndogo kutoka China unaouzwa mtandaoni kwa dola chache. Chuma chake kinaweza kuwa kizuri tu, ila unafika ukiwa haujanolewa vya kutosha, na kuurekebisha kunahitaji mawe na ujuzi ambao anayeanza hana. Kwa anayeanza ni ghali kuliko unavyoonekana.

Kishikio cha nusu wembe kama cha kinyozi ndicho kinachoshinda kwa pesa. Kukadiria tu: kishikio 15,000, brashi na sabuni ya kunyolea 20,000, nyembe 26 za mwaka mzima kwa 150 ni 3,900. Jumla 38,900, na mwaka wa pili unabaki na nyembe na sabuni tu. Tatizo si bei. Tatizo ni kwamba unajinyoa mbele ya kioo ambacho kila kitu kimegeuka, kwa mkono usio na mazoea, kwa makali yasiyosamehe, kwenye sehemu yenye mikunjo. Ukiamua kujaribu, anza shavuni kwa wiki kadhaa kabla hujashuka. Mgongo wa kishikio ukae karibu na ngozi, kama digrii 30 hivi na si zaidi. Nyosha ngozi kwa vidole vya mkono wa pili kiasi cha kuondoa mikunjo tu, usiivute kama ngozi ya ngoma. Mipigo iwe mifupi. Fuata nywele zilikolala, na ukitaka kurudia, paka povu upya na upite kwa upande, kamwe si kinyume. Kikoromeo kisogeze: meza mate uzuie, au vuta ngozi yake pembeni uinyolee mahali palipo bapa.

Kisogo usikiguse kwa wembe huo. Nasema bila kupepesa macho. Hakuna kioo cha pili wala cha tatu kitakachokufanya uone na kuongoza makali nyuma ya shingo yako mwenyewe. Kwa hiyo hata mwenye wembe wa Solingen wa laki tatu atabaki mteja wa kinyozi.

Anayetaka kujinyoa na hana hamu ya ushujaa achukue mashine ndogo ya wembe wa makali mawili, ile ambayo wembe unakaa ndani na ukingo tu ndio unaochungulia. Hati ya uvumbuzi ya King Gillette ya mwaka 1904 ilikuwa ya kitu cha namna hii, na lengo lilikuwa hilohilo: mtu anyoe bila kunoa na bila kuogopa koo lake. Bei ya nyembe zake ni ileile ya nyembe za kishikio. Ukataji hauko nyuma sana, na majeraha ni machache. Vile viwembe vya plastiki vyenye makali matatu au matano vinavutia kwa ulaini wa siku ya kwanza, lakini makali ya mbele huinua unywele na ya nyuma huukata chini ya ngozi, jambo ambalo kwa ndevu za kipilipili ni mwaliko wa vipele.

Poda ya kuondolea nywele nitaipitia haraka. Inakorogwa na maji, inapakwa, inakaa dakika chache na kunuka kama yai viza, kisha inafutwa pamoja na nywele. Haina makali, kwa hiyo unywele haubaki na ncha ya mkuki, na wengine wenye vipele imewaokoa. Lakini ni kemikali kali, ikizidi muda inaunguza, na shingo si mahali pa kuijaribia mara ya kwanza. Jaribu sehemu ndogo ya mkono, subiri siku mbili.

Inabaki mashine ya umeme isiyo na kitana. Inaacha kivuli cha nywele, pengine nusu milimita, na hicho kivuli ndicho kinga: unywele haukatwi chini ya ngozi, kwa hiyo hauna pa kuzama. Tuseme ni 60,000 na inadumu miaka miwili. Ni 30,000 kwa mwaka, na hakuna anayeitumia ila wewe. Kwa mwenye vipele vya mara kwa mara naipendekeza bila kusita, hata kama atakosa ule mng'ao wa Ijumaa. Anayeupenda mng'ao na ngozi yake inaukubali, abaki na nusu wembe mpya kwa fundi mmoja, asihamehame. Fundi anayekunyoa kila wiki ameshaijua ramani ya shingo yako.

Kuhusu kisogo nina ombi moja zaidi. Mstari wa chini ya nywele ndiyo sehemu ambayo vinyozi wengi huinyoa kwa makali zaidi, kwa sababu picha hupendeza. Kwa wanaume wengine vipele vya hapo havipoi. Vinakomaa, vinaungana, na kuwa uvimbe mgumu unaofanana na kovu kubwa. Ukianza kuona vigumu-vigumu chini ya kisogo, acha wembe hapo kabisa, mwambie fundi apite na mashine kwa juu, na nenda kwa daktari wa ngozi mapema. Sindano na dawa za kukabili uvimbe uliokomaa, na wakati mwingine upasuaji, ni gharama ambayo haikaribiani na bei yoyote niliyoitaja. Kipele kipya kinaweza kutulia kwa kuacha kunyoa wiki chache. Kibonge cha mwaka mzima si rahisi hivyo.

Baada ya kunyolewa, shabu ya sokoni iliyoloweshwa inatosha kufunga mikwaruzo midogo, na kipande cha bei ndogo kinakaa miezi, alimradi kiwe chako peke yako. Maji ya baridi, taulo safi la kugusia na si la kusugulia, mafuta mepesi. Spiriti inayomwagwa shingoni inawasha na kuikausha ngozi, na wengi huichukulia mwasho ule kuwa ndio usafi. Usafi ulitakiwa uwe kwenye wembe.

Na usiende Ijumaa jioni, wala Jumamosi, wala mkesha wa Idi au Krismasi. Nenda Jumanne asubuhi, fundi akiwa amefungua tu, hana foleni na mkono haujachoka. Bei ni ileile elfu mbili, ila utapewa muda ambao Masaki wanautoza elfu kumi na tano.